Aondoke, Lakini Asiende kwa Jirani

Bao la kwanza la Wayne Rooney baada ya kuihama Manchester United liliingia kwenye wavu wa Gor Mahia, klabu yetu ya Nairobi. Ukimwambia mgeni hivyo anadhani unamchezea shere, lakini ndivyo ilivyokuwa: Alhamisi, Julai 13, 2017, Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, ambao siku hizi unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Everton, klabu aliyohamia, walikuwa wameletwa na mdhamini wao, kampuni ile ile ya kamari iliyokuwa ikiwadhamini K'Ogalo, yaani Gor. Gor nao walikuwa wameipata mechi hiyo kwa kuwalaza mahasimu wao AFC Leopards 3-0 katika fainali ya kombe la mdhamini huyo, mwezi mmoja kabla, huko huko Dar. Kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, Rooney akaupokea mpira mbali na goli, mabeki wakampa nafasi, akaupiga. Ukaingia.

Katika ukumbi tuliokuwa tukitazamia, mtaani Umoja, nusu ya watu waliruka wakipiga kelele. Ni mazoea. Kwa miaka kumi na mitatu mtu yule akipiga mpira ukaingia, sisi wa United tunasimama. Miguu haingoji ruhusa ya kichwa. Kisha sauti kutoka nyuma, ya mzee mmoja ambaye huja na stuli yake mwenyewe kwa sababu haamini viti vya pale, ikauliza: "Sasa nyinyi mnashangilia nini?" Tukaketi mmoja mmoja. Baadhi yetu tulikuwa na jezi za kijani za Gor mwilini. Kijana mmoja alikuwa na ya kijani na skafu nyekundu ya United shingoni, na sijui hata alijipangaje asubuhi ile.

Tulipata afueni upesi, maana Jacques Tuyisenge alisawazisha kwa kichwa na tukashangilia tena, mara hii bila kuulizwa. Everton wakashinda 2-1 mwishoni. Ilikuwa mechi ya kirafiki, haikuwa na pointi. Lakini swali la mzee yule hunijia kila dirisha la usajili linapofunguliwa na mtu aliyekaa mahali miaka mingi anapofungasha virago.

Kwa Rooney jibu ni rahisi kiasi. Alikuja United mwaka 2004 akiwa na miaka 18, akitoka Everton, klabu aliyoipenda tangu utotoni. Watu wa Everton walikuwa wamemwona akiwa kijana amevaa fulana ya ndani yenye maandishi kwamba aliye Bluu ni Bluu daima. Halafu akawaacha, na baadaye, akiwa na jezi ya United, akaibusu nembo yake mbele yao, uwanjani kwao Goodison Park. Walimzomea wee, mpaka wakachoka. Alipoondoka Old Trafford alikuwa amefunga mabao 253, akimpita Bobby Charlton mwenye 249. Umri ulishaanza kumla, kocha Mourinho alikuwa akimweka benchi, na alikuwa anarudi kwao. Hapo utamlaumu kwa lipi?

Na ndipo palipouma. Hasira ina starehe yake: ukiwa nayo huhitaji kujitazama. Mimi sikuwa na wa kumkasirikia, nikabaki kupiga hesabu za maisha yangu. Rooney anaanza kuvaa nyekundu, mimi niko darasani na kaptura ya shule, napata matokeo kupitia redio ya jirani. Rooney anavua nyekundu, mimi nadaiwa kodi ya nyumba na karo. Yeye katikati hapo alipandikizwa nywele. Zangu zilikuwa zikiondoka na hakuna wa kuzirudisha. Nilipomwona na jezi ya bluu nilijua kwamba kuna kijana fulani hatarudi, na hakuwa yule wa mjini Liverpool.

Huzuni ya namna hii inavumilika. Inayoleta vurugu ni nyingine.

Ukumbi wetu una mpangilio ambao hakuna aliyeuandika. Arsenal hukaa kushoto, karibu na mlango, na watani husema ni kwa sababu huwa wanatoka mapema. United tuko kulia, chini ya feni. Katikati, mlangoni ukiingia, kuna mama anayeuza mayai ya kuchemsha na smokie. Agosti 2012, Mholanzi Robin van Persie alipotoka Arsenal kuja United, kwa benchi la kushoto akawa msaliti jioni hiyo hiyo, na kwa benchi letu akawa ni Mungu amejibu. Kati ya mabenchi hayo ni hatua tatu au nne, na sufuria ya mayai.

Watu wa Arsenal walikuwa na haki ya kulia. Miaka minane alikuwa kwao. Mingi kati ya hiyo alikuwa majeruhi, wakamlea, wakamsubiri, na msimu wa kwanza aliopata afya kamili akafunga mabao 30 ya ligi, huku amevaa kitambaa cha unahodha. Kisha akaenda. Aprili 22, 2013 aliwafunga Aston Villa mabao matatu, moja likiwa la kuunganisha mpira juu kwa juu kutoka kwa pasi ndefu ya Rooney huyo huyo, na United wakatwaa ubingwa wa 20. Ratiba nayo haina huruma. Mechi iliyofuata ilikuwa Emirates, uwanja wa Arsenal, Aprili 28. Desturi ya kule ni kwamba bingwa akija kwako unajipanga mistari miwili na kumpigia makofi anapoingia uwanjani. Kwa hiyo vijana wa Arsenal walisimama wakampigia makofi kapteni wao wa mwaka jana kwa kombe alilolifuata kwingine. Jirani yangu wa benchi la kushoto alitoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia. Akarudi mpira umeshaanza. Walcott akafunga mapema, uso ukamrudia rangi; kisha van Persie akasawazisha kwa penalti, na jirani yangu akanunua yai, akalila lote bila chumvi.

Nisingekuwa na la kusema juu ya hili, kwa kuwa nilikuwa upande wa walioshiba, ila jambo moja halikunikalia sawa. Thierry Henry naye alikaa Arsenal miaka minane, kuanzia 1999 hadi 2007. Naye aliondoka akiwa kapteni. Na alikwenda Barcelona, timu iliyokuwa imewafunga Arsenal 2-1 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka mmoja tu kabla, jijini Paris. Ukiitazama kwa makini, hiyo si dharau ndogo: kumfuata aliyekunyang'anya kombe. Je, kuna aliyechoma jezi ya Henry? Walimjengea sanamu nje ya uwanja, Desemba 2011. Mwezi uliofuata alirudi kwa mkopo, akaingia kutoka benchi dhidi ya Leeds, akafunga, na ukumbi mzima ulisimama, benchi la kulia likiwemo. Mimi nilisimama. Miezi saba baadaye watu hao hao wa kushoto walikuwa wakimtakia van Persie avunjike goti.

Miaka ile ile minane, kitambaa kile kile. Tofauti ni kwamba Barcelona ni mbali. Henry akifunga bao Hispania, Jumatatu hakuna mtu wa Barcelona pale kazini wa kukuchekea. Au siku zile hawakuwa wengi. Van Persie akifunga, anayekuchekea ni mtu unayechota naye maji kwenye mfereji mmoja. Waliowahi kuishi kwenye ploti watanielewa. Jirani akihamia Kitengela unamsaidia kubeba godoro mpaka kwenye pikapu na unamwambia asisahau watu. Akihama chumba chako cha ukutani akaingia kile cha mkabala, ploti hiyo hiyo, mwenye nyumba huyo huyo, unalala ukijiuliza alikuwa akisikia nini kupitia ukuta wako.

Ndiyo maana siwaamini watu wanaosema shida yao ni uaminifu. Shida ni anwani mpya ya mchezaji. Aende mbali, tutamsindikiza kwa machozi na nyimbo. Aende kwa jirani, tutamtafutia makosa mpaka ya 2006.

Lakini kuna kesi ya Trent Alexander-Arnold, beki wa Liverpool aliyehamia Real Madrid, ambayo inanivurugia hoja, na sitaki kuificha. Madrid ni mbali kama Barcelona, na bado Mei 2025 mashabiki wa Liverpool walimzomea Anfield, mtoto wa pale pale mjini, aliyeingia kwenye akademia akiwa na miaka sita na kukaa huko miaka ishirini. Alitangaza kuondoka mwanzoni mwa mwezi. Mei 11, alipoingizwa dhidi ya Arsenal, kila akigusa mpira walimzomea. Wiki mbili baadaye, siku ya kupokea kombe la ligi, uwanja ule ule ukampigia makofi. Sidhani walikuwa watu tofauti.

Ninamfahamu fundi wa jezi mwenye kibanda kwenye eksibisheni moja karibu na mtaa wa Tom Mboya, na wakati huo nilikuwa kwake nikisubiri jezi ya mtoto. Kazi yake ni kuandika majina na namba. Ana shiti za herufi zilizokatwa tayari, ana mashine ya kubana yenye joto, na bei yake ni kwa herufi. Kijana mmoja aliingia na jezi nyekundu ya Liverpool mgongoni imeandikwa ALEXANDER-ARNOLD, 66, akataka jina litolewe, namba ibaki. Fundi akaicheki jezi akatikisa kichwa. Akaweka karatasi juu ya jina, akabana joto kidogo, akaanza kuchokoa kona ya A kwa wembe huku akiuvuta ule mpira taratibu usichane kitambaa. Herufi kumi na tano na kile kistari. Kila moja ikitoka anaifuta gundi kwa tambara lenye thina. Alipomaliza, jina lilikuwa halipo lakini linasomeka, kwa sababu pale palipofunikwa hapakuwa pamepauka kama kwingine. Kijana akalalamika. Fundi akamwambia kwamba hiyo ni kazi ya jua, si yake.

Kilichomuuma fundi mwenyewe ni kingine. Huko Madrid bwana huyo ameandika TRENT tu. Herufi tano. "Ameniharibia biashara," akasema, na sijui kama kuna shabiki wa Liverpool aliyepata hasara ya kuhesabika kumzidi.

Nikamuuliza kijana kwa nini amekasirika hivyo, na Madrid si Everton wala si United. Akajibu: "Si kwamba ameenda. Ameenda bure." Mkataba ulikuwa umemalizika. Tangu hukumu ya kesi ya Jean-Marc Bosman katika mahakama ya Ulaya, Desemba 1995, mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka bila klabu yake kulipwa ada; kabla ya hapo klabu iliweza kumshikilia hata mkataba ukiwa umekwisha, kama Liège ya Ubelgiji ilivyomfanyia Bosman alipotaka kwenda Dunkerque. Madrid walitoa kiasi kidogo ili wamchukue mapema, awahi Kombe la Dunia la Klabu mwezi Juni, basi. Kijana wa kibandani alihisi ameibiwa. Hana hisa Liverpool, hajawahi kufika Anfield, na pesa hizo hata zingelipwa zisingefika Nairobi. Lakini alisema "tungepata hata milioni sitini" kwa uchungu wa mtu aliyeuziwa shamba la urithi bila kushirikishwa. Nilimwelewa kabisa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Maana hapa kwetu kuondoka bure ndiyo kawaida, na hatuzomei.

Nimeishabikia Gor katika ukame wa miaka 18, kutoka ubingwa wa 1995 hadi ule wa 2013, na nimewaona wachezaji wakiondoka kwa kila njia inayowezekana. Michael Olunga alitufungia mabao msimu wa 2015, msimu ambao hatukupoteza mechi hata moja ya ligi, kisha akaenda Djurgården ya Uswidi. Hakukaa sana kwetu, na hatukumdai zaidi. Watu walimfuatilia mpaka Japani, mpaka ile siku ya Novemba 2019 alipoifunga Kyoto mabao manane katika mechi moja, na kila bao tulilihesabu kuwa letu.

Meddie Kagere ni hadithi tofauti kidogo. Juni 10, 2018, uwanja wa Afraha, Nakuru, Gor waliwapiga Simba ya Tanzania 2-0 katika fainali ya kombe lile la mdhamini. Kagere akafunga moja, Tuyisenge moja. Zawadi ilikuwa safari ya Goodison Park. Kabla hata mwezi haujaisha Kagere alikuwa mchezaji wa Simba! Timu ile ile aliyotoka kuifunga. Msimu wake wa kwanza Tanzania alifunga mabao 23 na kuwa mfungaji bora, akarudia wa pili kwa mabao 22. Sisi tulikwenda Goodison Novemba bila yeye, tukala nne kwa sifuri. (Rooney naye hakuwepo; alikuwa ameshahamia Marekani. Watu hawatulii.) Nakumbuka hasira ilidumu labda wiki. Baada ya hapo ungewakuta watu wa Gor wakiulizia Simba imecheza vipi. Kwa nini hatukumchukia? Kwa sababu kila mtu pale alijua Simba wanalipa.

Hapo ndipo shabiki wa Nairobi anapokuwa watu wawili. Mdhamini yule alipojiondoa mwaka 2019 katika mvutano wake na serikali, Gor na Leopards wote wawili walibaki mikono mitupu. Kapteni Harun Shakava akaenda Nkana ya Zambia mwaka 2020. Kenneth Muguna, aliyeongoza timu baada yake, akaenda Azam ya Tanzania mwaka 2021. Makapteni wawili ndani ya mwaka mmoja na kitu. Ingekuwa Arsenal, mitaa ingewaka moto. Sisi tuliwatakia safari njema, tukageuka na kuitukana ofisi. Kanuni za FIFA tangu 2018 zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuvunja mkataba wake kwa haki, mradi ameidai klabu kwa maandishi na kuipa siku 15. Sijawahi kukutana na shabiki wa Ligi Kuu ya Kenya asiyeijua kanuni hiyo, hata kama hawezi kuitaja kwa namba. Shabiki wa Arsenal hana haja nayo.

Mtu aliyewahi kufanya kazi bila mshahara hamwiti msaliti anayetafuta mshahara. Lakini mtu huyo huyo, Jumamosi saa kumi na moja jioni, mbele ya runinga, anataka milionea wa Uholanzi akae mahali pamoja kwa mapenzi tu. Mimi ni huyo. Sioni haya sana. Labda tunawapelekea wa ng'ambo madai yote ambayo hatuna moyo wa kuwadai wa hapa.

Ukibaki ukumbi wa mpira kwa muda utagundua pia ni nani asiyewahi kuitwa msaliti. Ni klabu. Mwisho wa msimu hutoka picha moja yenye majina ya walioachwa, wengine wamecheza miaka saba, minane, na maneno matano: tunawashukuru, tunawatakia kila la heri. Hakuna anayezomea picha. Mchezaji akitangaza mwenyewe kwamba anaondoka miezi mitatu kabla, amekosa heshima. Lionel Messi alilia mbele ya kamera Agosti 8, 2021, baada ya mabao 672, kwa kuwa Barcelona walishindwa kumsajili chini ya kanuni za fedha za ligi yao, na siku mbili baadaye alikuwa PSG. Hata hapo nilisikia mtu akisema angecheza bure. Aliyesema ni fundi bomba, na namjua: hafungui hata bomba la jikoni kabla ya kuona nusu ya pesa.

Halafu kuna Mashemeji, ambao wako kwenye daraja lao. Gor na Leopards huitwa hivyo kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana kiasi kwamba derby inaweza kugawa meza ya chakula katikati. Kwa nadharia yangu ya jirani, kuvuka kutoka K'Ogalo kwenda Ingwe, yaani Leopards, kungekuwa ndilo kosa kuu kuliko yote. Wenzetu wa Dar wanalijua hilo vizuri. Jonas Mkude alikaa Simba zaidi ya miaka kumi, akaenda kwa mahasimu wao Yanga mwaka 2023. Clatous Chama akamfuata 2024. Na pale Kariakoo hayo si mambo ya kuongelea mezani na mkwe. Hapa Nairobi yanaongelewa mezani na mkwe hasa. Yupo shabiki mmoja wa Leopards pale ukumbini ambaye sisi sote tunamwita shemeji, na mchezaji wetu akivuka kwenda kwao hatuulizi kwa nini. Tunamuuliza mahari iko wapi. "Shemeji, mmechukua kijana usiku usiku, hata mbuzi hatujaona." Naye hujibu kwamba kwao ng'ombe watakuja baada ya mwana wa kwanza, yaani bao la kwanza. Matusi uwanjani yapo, na mengine siyaandiki hapa. Ila ni vigumu kumchukia moja kwa moja mtu ambaye mtakutana naye Desemba kwenye matanga.

Na tena wachezaji wetu hawana pa kujificha. Van Persie hakuwahi kupanda matatu na mimi.

Msimu mmoja, uwanja ule wa Jogoo Road ambao sasa una jina la Joe Kadenge, tulicheza na klabu moja ya hapa hapa jijini iliyokuwa imemchukua beki wetu wa miaka mingi. Sitaitaja klabu, kwa sababu itakayofuata. Karibu yangu alikuwepo jamaa mmoja aliyempigia mbinja beki huyo tangu mazoezi ya kupasha misuli mpaka kipenga cha mwisho. Akarusha mpira, mbinja. Akaanguka, mbinja na dua mbaya. Tulifungwa moja bila, kwa kona, na aliyeipiga kichwa ile kona ni yeye.

Jioni nilipanda matatu ya Umoja pale steji, na yule jamaa alikuwa kiti cha mbele yangu. Tukiwa bado tunangoja ijae, beki akaingia na begi lake la michezo begani, bado ana matope masikioni, akakaa kiti pekee kilichobaki, kando ya jamaa. Kimya. Watu walitazama madirishani. Tulifika Makadara ndipo jamaa akauliza, bila kumgeukia:

"Wamekulipa?"

"Ya mwezi uliopita bado. Na ya mwezi juzi."

"Hata hao?"

"Hata hao."

Makanga akafika akigonga sarafu, akamnyooshea beki mkono. Jamaa akamwambia, "Huyo niko naye," akatoa noti akalipa ya wawili. Beki akashukuru, akamwita broo. Wakaanza kuongea habari za goti lake, na za mtoto wa jamaa ambaye ni kipa wa shule na anaogopa mipira ya juu. Beki akamweleza asimamishweje kwenye kona, akionyesha kwa mikono hadi aliyekaa nyuma akapigwa kiwiko. Aliposhuka, jamaa akampisha, akangoja afike mlangoni, kisha akamwita kwa jina lake la uwanjani.

"Lakini lile bao," akasema, "usidhani tumelisahau. Mtakuja Nyayo."